Avenue ya Jumanne

Wanajeshi waliochukua shule yetu huko Butembo walijisaidia kila mahali isipokuwa chooni. Choo kilikuwapo, cha sementi, wazazi walikijenga kwa mikono yao. Kilijaa upesi, na badala ya kuchimba kingine wakatumia darasa la kwanza, kisha nyuma ya ofisi ya prefe, yaani mkuu wa shule, kisha mapipa ya mafuta waliyoyakata katikati na kuyapanga chini ya ukuta kama vyungu vya maua. Mapipa nayo yakajaa. Hapo ndipo walipotukumbuka sisi raia.

Mtaa wetu ulikuwa na avenue sita, yaani barabara sita na nyumba zake, na juma lina siku sita za kazi. Komanda wao alipiga hesabu ambayo hata mtoto wa shule ya chekechea angeipiga: kila avenue na siku yake, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili hapakuwa na kazi kwa sababu komanda mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Alikaa benchi la mbele na kupokea komunyo kwa ulimi, macho ameyafumba, na mimi kule nyuma nilimtazama shingo nikijiuliza kama Mungu ana pua.

Avenue yetu ilipewa Jumanne. Kila nyumba ilitoa mtu mmoja, alfajiri. Kwanza mnateka maji mtoni na kuyapandisha mlimani kwa madumu ya njano mpaka jikoni kwa askari. Halafu mnakabidhiwa ndoo, mnayachota yale ya kwenye mapipa, mnateremka nayo hadi kwenye shimo chini ya mikaratusi, mnarudi, mnachota tena, mpaka saa sita ya mchana. Kazi hiyo waliiita salongo. Zamani salongo ilikuwa kufukia mashimo barabarani na kufyeka majani ya soko, kazi ya wote kwa ajili ya wote. Hata juu ya jina hilo walijisaidia.

Nyumba karibu zote zilituma mwanamke au msichana. Mwanamume aliyeingia lango la shule na ndoo aliweza kutoka na sanduku la risasi kichwani, akielekea mahali ambapo wengine hawakurudi. Nyumbani kwetu mama alikuwa ameharibika mgongo tangu alipoanguka na gunia la viazi njiani akitoka soko la Musienene. Baba alikuwa mwanamume. Mimi nilikuwa mwanamume. Akabaki mdogo wangu, binti wa darasa la sita la sekondari, mwaka wa kumaliza.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya hesabu na tabia ya kuuliza maswali ambayo baba aliiita ugonjwa wa mjini. Nilifundisha hesabu katika kile kilichobaki cha shule: chumba kimoja kirefu cha parokia, kando ya kanisa, ambacho askari walituachia asubuhi tu. Mchana komanda alifanya mikutano yake humo. Tulijaribu kuigawa asubuhi katika vipande vinne, kila darasa kipande chake, na watoto wakawa wanatembea muda mrefu kuliko wanavyosoma. Prefe akaamua: siku moja, darasa moja. Darasa la sita lilianza, kwa heshima ya mtihani wa taifa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano la tano, Alhamisi la nne, Ijumaa la tatu, Jumamosi tena la sita, na kuendelea hivyo, Jumapili ikirukwa. Madarasa ya chini yalisomea nje, chini ya maturubai.

Baba alikuwa ameshasema neno lake kuhusu mdogo wangu, na baba hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili. Mtihani ni mara moja. Akifaulu, ataendelea na shule ya wauguzi. Akianguka, hatarudia mwaka. Atakwenda Kasugho kwa shangazi yetu, kulima msituni, na huko atatafutiwa mume.

"Shule iko inakula muda," baba alisema. "Na vita iko inakula sisi. Byote bibili pamoja siwezi kulisha."

Basi Jumanne ya kwanza ya zamu nilisimama mbele ya darasa la sita, nikageuka ubaoni, nikarudi, nikaona nafasi yake tupu. Alikuwa kwa askari, upande wa pili wa ukuta wa shule, na ndoo. Jumamosi alikuwepo. Alhamisi iliyofuata alikuwepo. Jumanne, nafasi tupu tena.

Haikuhitaji akili nyingi kuona kwamba darasa la sita linaangukia Jumanne, Jumamosi na Alhamisi, kisha Jumanne tena. Halikuwahi kuangukia Jumatatu, wala Jumatano, wala Ijumaa. Wanafunzi wangu wa la sita wa avenue ya Jumatatu hawakukosa hata somo moja. Wale wa kwetu walikosa somo moja katika kila matatu. Mtaa mzima uliona. Kilichonichefua ni maelezo waliyoyatoa baada ya kuona.

Waliosali sana walisema avenue ya Jumatatu ina baraka, kwa kuwa kuna kikundi cha maombi kinachokesha. Waliosali kidogo walisema avenue yetu imefungwa na mtu, na wakaanza kuangaliana. Wengine walitazama avenue ya Jumatano, ambako waliishi familia za Waislamu wenye malori ya Beni na Kasindi, wakasema: bamenunua komanda.

"Utaona moshi bila moto?" baba aliniuliza tukiwa mezani. "Batoto babo banasoma, wa kwetu anabeba mavi. Bale batu biko na pesa, biko na mafuta, na komanda anapenda mafuta."

"Watoto wao wa la tano mbona wanabeba?"

"Wa la tano ni bangapi? Nani anajali la tano?"

"Mimi nauliza tu, papa. Kama walinunua, walinunua nusu? Mtoto wa la sita asome, ndugu yake wa la tano akabebe ndoo?"

Kwa maana ndivyo ilivyokuwa. Darasa la tano na la tatu yaliangukia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa bila kukosea. Baraka ya avenue ya Jumatatu ilikuwa ikiwapiga wadogo zao, lakini hakuna aliyewahesabu kwa sababu hawakuwa na mtihani.

"Ule ugonjwa yako," baba alisema, akanawa mikono.

Yale ambayo watu waliyaita uchawi na hongo ni jambo ambalo mimi nilikuwa nalifundisha kila mwaka na kila mwaka wanafunzi walilikosea. Namba zozote mbili huitwa tasa kati yao pale ambapo hakuna namba inayoweza kuzigawa zote mbili bila baki, isipokuwa moja. Basi. Nane inagawanyika kwa mbili na kwa nne, tisa inagawanyika kwa tatu, hakuna kati yao iliyo tasa yenyewe. Ziweke pamoja: kinachoigawa nane hakiigawi tisa. Nane na tisa ni tasa kati yao. Wanafunzi hawakuamini. Waliniuliza, namba zisizo tasa zitakuwaje tasa zikikutana? Nilikuwa nawajibu kwamba utasa wa namba ni tabia yake yenyewe, na huu mwingine ni habari ya wawili, wana nini kati yao. Waliandika, wakasahau.

Kwetu namba zilikuwa nne na sita. Madarasa manne, avenue sita. Mbili inazigawa zote mbili, na ile mbili ndiyo iliyokuwa inatutesa. Nilikusanya vizibo sita vya bia, vitu ambavyo askari walitujazia mtaa mzima, nikavipanga mviringo: Jumatatu, Jumanne, mpaka Jumamosi. Nikaanza Jumanne nikahesabu nne. Jumamosi. Nne tena. Alhamisi. Nne tena. Jumanne. Vizibo vitatu vilibaki bila kuguswa, na ningeweza kuhesabu hadi vita iishe visingeguswa. Nikahesabu kwa tano. Jumanne, Jumatatu, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano, ndipo nikarudi Jumanne. Vyote sita, kila kimoja mara moja. Tano na sita hazina kitu kati yao.

Yalihitajika madarasa matano, na hilo lililokosekana lilikuwa limekaa kwenye hangari, yaani ghala la kahawa, linanuka.

Walikuwa watu wa Eringeti, waliokimbia vita. Walikuwa wamepita Beni, wakakaa huko mpaka Beni nayo ikawachoka, wakaja kwetu na magodoro vichwani. Walikuja na mwalimu wao, mwanamume mwembamba mwenye shati moja, na wanafunzi wa sekondari waliotosha kujaza chumba. Wachache wao walikuwa wa mwaka wa mtihani kama mdogo wangu. Mwalimu yule alikuwa ameomba wapewe zamu yao ndani ya chumba cha parokia, wao wote siku moja, naye angewafundisha. Kamati ya wazazi ilimwambia arudi baadaye. Alirudi baadaye. Walimwambia arudi tena.

Nilikwenda kwa prefe. Prefe akaitisha mkutano kanisani, baada ya misa ya pili.

Nilikuwa mjinga wa kudhani kwamba mtu akionyeshwa jambo ataliona. Nilipanga vizibo vyangu juu ya meza, nikaeleza. Watu walinisikiliza wakitafuna vijiti. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa wa avenue ya Jumatatu, mnene, mwenye koti la ngozi hata juani, alinyoosha mkono.

"Prof, unasema tukiongeza batu, kazi itapungua?"

"Haipungui. Inaenea."

"Inaenea kwangu."

"Kwako pia."

"Batu wasikie!" akageukia benchi. "Mutoto wangu hakosi kitu. Huyu anataka akose, ju mutoto wa kwao anakosa. Iyo ndiyo bamemufundisha kule université?"

Watu wakacheka. Prefe akagonga meza. Prefe mwenyewe alikuwa amefundisha hesabu zamani, kabla ya kitambi na ofisi, na sasa macho yalianza kumng'aa.

"Ngoja, ngoja," alisema. "Sita si namba tasa. Sita ni mbili mara tatu. Donc haiwezi kuwa tasa na kitu chochote."

"Peke yake hapana, Monsieur le préfet. Na tano, ndiyo."

"Mutu ni mukristu ao si mukristu. Hawezi kuwa mukristu na jirani mumoja tu!"

Wakacheka zaidi, na safari hii walipiga makofi. Prefe alinogewa. Akasema kama ni namba tasa tunazotafuta, basi tatu ni tasa, haina ubishi, iko kwenye kitabu. Tuunganishe darasa la tatu na la nne, tubaki na zamu tatu. Problème imekwisha, na watu wa Eringeti wabaki kwao hangarini.

Nilimwomba ahesabu mwenyewe juu ya vizibo. Akaweka kidole chake Jumanne. Tatu: Ijumaa. Tatu: Jumanne. Ijumaa. Jumanne. Kidole kilikwenda na kurudi kama mbuzi aliyefungwa kamba. Mdogo wangu sasa angekosa nusu ya masomo yote, na wa Ijumaa pamoja naye, na wengine wasikose kamwe.

"Tatu ni tasa," prefe alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Ni tasa, lakini inaingia ndani ya sita. Wanajuana."

Mtu akapiga kelele kutoka nyuma kwamba basi darasa la sita lianze Jumatatu badala ya Jumanne, tumalize, twende tukale. Ilikuwa ni baba. Avenue ya Jumatatu yote ikasimama. Avenue ya Jumatano ikasimama. Mwenye lori mmoja, mzee mwenye kofia ya kufuma aliyekaa mlangoni kwa sababu hakupenda kuingia kanisani zaidi ya hapo, alisema polepole kwamba miezi yote hii anasikia ati wamemnunua komanda, na yeye komanda amemchukulia lori zima bila kulipa. Kama angejua komanda anauzwa angeuliza bei. Hapo watu walicheka kwa aibu kidogo.

Mwalimu wa Eringeti alikuwa amesimama ukutani muda wote huo. Mwenye koti la ngozi akamwelekezea kidole.

"Na bale hata ndoo habashike! Sisi tunabeba mavi ya basoda, bao banakuya kusoma tu!"

"Sisi tunalala karibu na kambi, papa," yule mwalimu alijibu. "Kwetu basoda habangojeake siku ya zamu, banatukamata wakati wowote."

Wakaendelea kubishana kana kwamba hakusema.

Aliyeumaliza mkutano alikuwa mjane mmoja wa avenue hiyohiyo ya Jumatatu, muuza maharagwe, mwanamke ambaye sikuwahi kumsikia akisema kitu zaidi ya bei.

"Miye nachoka na ile baraka," alisema. "Kila mutu ananiambia avenue yetu iko na baraka. Binti yangu iko la tano. Kila mara ya tatu darasa lake linaanguka siku ya ndoo, na mwaka kesho iko mtihani, na hajui kitu. Nyiye mwenye batoto ba la sita ndiyo munaona baraka. Acha bale ba Eringeti baingie. Sisemi nabapenda. Sibapendi. Baingie tu."

Walipiga kura kwa mikono. Wenye watoto wa la tano na la tatu kwenye avenue za "baraka" waliungana na wenye watoto wa la sita kwenye avenue zetu, na darasa la Eringeti likaingia. Hakuna aliyemshika mkono mwalimu wao. Waliingizwa kama kijiwe unachokitia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Nilitoka pale nimeshinda, na mdomoni nilikuwa na ladha kama ya betri.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba, anachambua maharagwe. Nilimweleza kwa furaha. Sasa atakosa somo moja katika sita, badala ya moja katika matatu. Alisikiliza, akaendelea kuchambua, akatupa kijiwe.

"Na zamu yetu itarudi baada ya siku ngapi?"

"Tano."

"Zamani ilikuwa nne."

"Ndiyo."

Alikuwa mtu wa kuhesabu kimya, midomo bila kutikisika, mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

"Siku makumi sita za kazi," alisema. "Na zamu ya nne, darasa letu linapata kumi na tano. Ndoo inakula tano. Ninabaki na kumi. Ni vile?"

"Ni vile."

"Na zamu ya tano, tunapata kumi na mbili. Ndoo inakula mbili. Ninabaki na ngapi?"

Nikaokota haragwe moja lililoanguka.

"Kumi," alisema, akiniita yaya, yaani kaka. "Yaya, ulienda kupigana na mutaa muzima, ili mimi nibaki na kumi zilezile?"

Nilijaribu kusema kitu kuhusu haki. Kwamba sasa mwalimu wa Kifaransa hatakimbia na wenzake na kumwacha yeye nyuma, kwa kuwa kila siku atakosekana mtu wa avenue nyingine, na itabidi arudie. Kwamba wote wana kumi, na wale wa Eringeti ambao hawakuwa na kitu wana kumi na mbili. Niliyasema yote hayo na yote yalikuwa kweli. Alinitazama kama mtu anavyotazama duka lenye rangi nzuri na rafu tupu.

"Haki ni muzuri," alisema. "Lakini ku Kasugho si haki ndiyo inanipeleka. Ni points. Hesabu unanifundisha hapa jioni. Kifaransa ni nani atanifundisha? Biologia? We?"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Uliuliza ile maswali yako yote, hii ya mwisho hukuuliza. Ju ya nini ndoo ni yangu."

Nilikuwa na jibu, jibu ambalo kila mwanamume wa mtaa alikuwa nalo: lango, sanduku la risasi, wasiorudi. Nilianza kulisema. Nikajisikia nikilisema kwa sauti ya baba, nikalikatiza katikati, nikajichukia hadi usiku.

Siku ya darasa la sita ilipoangukia Jumanne tena, nilichukua ndoo kabla hajaamka. Somo langu la hesabu nilimwachia mwalimu wa Eringeti, ambaye alikubali bila kuuliza kwa nini. Mama alinishika nguo mlangoni, kisha akaachia. Baba alijifanya amelala.

Mstari wa avenue yetu uliongozwa na mama mmoja mzee, mke wa katekista, mwenye sauti ya kuita watu shambani kutoka mlima wa pili. Aliponiona alisema, "Wee, unatafuta kufa?" kisha akaniweka katikati ya wanawake, kana kwamba hilo lingeficha ndevu. Maji tulipandisha bila tatizo. Kwenye mapipa ndipo askari mmoja, aliyekaa juu ya dawati la darasa langu mwenyewe akila muhogo, alipotuona vizuri. Alikula palepale, hatua chache kutoka kwenye ule uvundo, akitafuna taratibu.

"Yo, mobali! Yaka awa!" Yaani: wewe mwanamume, njoo hapa.

Nikaenda. Alinipima mabega kwa macho, kama mnunuzi wa ng'ombe. Nyuma yake, kando ya ukuta, masanduku yalikuwa yamepangwa, na vijana wawili nisiowajua walikuwa wamekaa chini wakingoja kubebeshwa.

"Achana naye, afande," mama mzee alisema kutoka nyuma yangu. "Huyu ni mugonjwa wa kichwa. Masomo ilimuharibu. Bamama tunamuleta kwa kumurehemu tu, analala na namba."

"Fou?"

"Kabisa! Muulize."

Askari akameza. "Fou, sema kitu."

Maisha yangu yote nilikuwa na la kusema. Pale nilisikia nzi tu. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja.

"Tano na sita hazina kitu cha kuzigawa, afande."

"Nani anazigawa?"

"Hakuna. Ni moja tu inayozigawa zote mbili."

"Moja gani?"

"Moja. Namba moja. Inagawa kila kitu."

Alicheka mpaka muhogo ukamtoka, akawaita wenzake waje wasikie, na ikabidi niseme tena, na ya nane na tisa vilevile, na wao wakarudia wakishikana mabega. "Liboma! Liboma kweli!" walipiga kelele, yaani kichaa, na hata wale vijana wawili wa kando ya masanduku walitabasamu kidogo. Sijawahi kusema jambo la kweli zaidi mbele ya watu, wala sijawahi kuonekana mwendawazimu zaidi.

"Mumupe ndoo mbili," askari alisema, akajifuta machozi.

Nilibeba ndoo mbili mpaka saa sita. Sitaandika yaliyokuwa ndani, ila niseme kwamba jeshi lililotupigia kelele za ukombozi redioni lilikula maharagwe yetu bila kuyatafuna. Yalinimwagikia miguuni kwenye mteremko. Wanawake walinionyesha namna ya kushika mpini ili ndoo isiyumbe, na mmoja wao, aliyekuwa amefanya hivyo kila Jumanne bila mtu yeyote kuitisha mkutano kwa ajili yake, aliniuliza kama kichwa changu kinaendelea vizuri.

Nyumbani mdogo wangu alikuwa amesharudi kutoka darasani, amefungua daftari la Kifaransa. Aliinua kichwa, akakunja pua.

"Hapana nikaribia, yaya. Kwanza sabuni."

Mwaka ule darasa la sita liliangukia Jumanne mara chache tu baada ya hapo, na kila mara nilikwenda. Nilikuwa Liboma wa avenue ya Jumanne, askari walinizoea, walinidai namba zangu kama wanavyomdai mlevi wimbo.

Karatasi za mtihani zilifika zimechelewa, zimevuka mistari ya vita, mtihani wa taifa ambalo hakuna aliyejua lilikuwa wapi wakati huo. Majibu nayo yalichelewa, yakaja kwa redio. Mdogo wangu alipata hamsini na tatu kwa mia. Haikuwa nyingi. Ilitosha. Hata kabla mtangazaji hajamaliza, mama zetu wadogo walikuwa wameshamkamata na kummwagia poda nyeupe kichwani, shingoni, mgongoni, kama desturi inavyotaka kwa aliyefaulu, na akasimama uani mweupe, anapiga chafya, anacheka.

Watu walijaa. Kikundi cha maombi cha avenue ya Jumatatu kilikuja na kusema kifungo cha avenue yetu kimekatika, wao walifunga kula kwa ajili yetu. Prefe alisema ni nidhamu ya shule. Baba alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, akampa mwenye koti la ngozi kiti cha kwanza na bia ya kwanza. Niliona damu inanipanda. Nilitaka kumuuliza baba, Mungu huyo alijifunza kugawanya lini, na kama alianza kabla au baada ya kura. Nilifungua mdomo.

"Leo hapana, yaya," mdogo wangu alisema bila kunitazama.

Alikuwa anasikiliza redio bado. Mtangazaji alikuwa amefika kwenye orodha ya shule zilizohamishwa, na akasoma, kati ya waliofaulu, jina la msichana mmoja wa Eringeti, aliyekaa na mdogo wangu kwenye ngazi za parokia asubuhi nyingi wakibadilishana madaftari. Uani kwetu hakuna aliyegeuza kichwa. Walikuwa wanagawana bia.

Mdogo wangu akaokota kopo la poda pale chini, akalitikisa kusikia kama limebaki kitu, akaelekea mlangoni.

"Ile poudre ni ya kwetu," mama mdogo mmoja alimwita. "Unapeleka wapi?"

"Ku hangari."

"Kwa bale? Na bao banajua poudre?"

Alitoka hivyohivyo, mweupe tangu nywele hadi miguu, akashika njia ya hangari ya kahawa, na mimi nikaweka bia yangu chini nikamfuata, nikimwacha baba akieleza wageni jinsi alivyoamini elimu ya wasichana tangu mwanzo.